Sijaelewa Sumaku ya Jovita

Jumanne, 8 Julai 2025

Dawa ya presha nimemeza, na uji. Andika hivyo, jirani yangu Kornelia, nesi akiuliza aikute. Sasa andika na haya mengine. Daftari la nesi ni kubwa, kidonge ni kimoja.

Na leo tena nimemwambia sijaelewa.

Maskini Jovita. Amekaa kwenye kigoda tangu chai mpaka jua likafika mlangoni, ananieleza sumaku yake. Mjukuu wangu huyu, wa mwanangu Leonard, amesoma Dar mpaka vitabu vikaisha. Sasa kuna wazungu huko mbali wanataka kumchukua miaka minne akasomee sumaku nyembamba. Ila kwanza Jumatatu wataongea naye kwenye simu wakimwona uso, na wamemwambia kazi yake aieleze mpaka mtu asiyekwenda shule aelewe. Asiyekwenda shule hapa Nangara nani? Akanitazama mimi. Hakutafuta mbali.

Akasugua penseli kwenye karatasi, akabandika seloteipu, akabandua. Akachukua seloteipu nyingine, akaibandika juu ya ile, akabandua. Weusi unapungua kila mara. Anasema kuna mawe yana tabaka tabaka kama chapati, ukibandua hivyo unafika tabaka la mwisho, jembamba hata jicho halilioni. Na hilo peke yake bado ni sumaku. Wasomi wengi walidhani haiwezekani.

Nikamwambia mimi naijua sumaku ya spika ya redio ya babu yako, niliyokuwa natafutia sindano za shanga. Nzito kama jiwe la kusagia. Hiyo yako ikidondoka, utaitafuta na nini?

Akacheka. Akaanza upya. Nami nikafurahi.

Kornelia, usiniangalie hivyo. Andika.

Jumatano, 9 Julai 2025

Dawa nimemeza.

Leo kaleta maharage. Kayapanga kwenye ungo, macho yote juu. Anasema ndani ya sumaku kuna visumaku vidogo, vingi kuliko mchanga wa ziwani, na kila kimoja kina kichwa. Vyote vikielekea upande mmoja, jiwe linavuta. Kila kimoja kikielekea kwake, halivuti kitu. Kwenye jiwe nene kina jirani kushoto, kulia, juu na chini, wanashikana. Ukibakiza tabaka moja, wa juu na wa chini hawapo. Joto dogo tu linawatikisa, wanageuka ovyo. "Sasa bibi, nani anawashika?"

Nikasema sijui. Nikauliza haya maharage tunapika au ndiyo masomo. Tumepika.

Hii andika kwa herufi ndogo. Nilijua. Hata kabla hajamaliza kupanga. Mimi nimechunga uwanda wa Hanang mpaka siku niliyoolewa nikaja huku kwa wakulima. Asubuhi ya baridi ng'ombe wanasimama ubavu umeelekea jua, wote, hakuna aliyewaambia. Hata wakiwa mstari mmoja tu njiani, hivyo hivyo. Jirani anamfuata jirani, lakini si hilo tu. Kila mmoja kuna upande ambao mwili wake unaupenda. Joto likipanda mchana, huyu huku, huyu kule, basi. Sumaku ya Jovita ni hiyo.

Kornelia anauliza kwa nini simwambii. Nimemjibu kazi yake ni kuandika.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Dawa nilisahau, nimemeza mchana. Andika nimemeza tu.

Jana hatukuandika, Kornelia alikuwa Nakwa kupukuchua mahindi.

Jovita anasonga ugali, ananieleza. Ananisuka nywele, ananieleza. Zamani akija likizo ni shikamoo bibi, halafu kichwa kinazama kwenye simu. Sasa tunakaa magoti yanagusana. Ningeelewa Jumanne, ningezipata siku hizi? Na miaka minne — mimi sina uhakika nayo. Hata nesi hana.

Leo hakula. Amesema, "Bibi, kama wewe huelewi, Jumatatu nashindwa. Labda hata mimi sijui ninachosema."

Nikampa maziwa. Nikamwambia kunywa. Ng'ombe sikuwataja.

Jumapili, 13 Julai 2025

Nimeumbuka.

Baada ya misa amefika mdogo wangu Gidabuday, kutoka kwetu Hanang, na fimbo yake. Jovita kuona mtu mwingine asiyekwenda shule, kamrukia na ungo wa maharage. Gidabuday kasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hiki kitu kinakubali kwenye baridi tu?"

"Ndiyo babu, hasa hayo mawe yangu. Baridi kali kweli."

"Basi ni ng'ombe wa asubuhi. Dada hajakwambia? Yeye ndiye aliyetufundisha. Ng'ombe aliyegeuka tofauti na wenzake kwenye baridi, alisema huyo anaumwa. Na kweli anaumwa."

Jovita akanigeukia polepole.

"Bibi."

"Abee."

"Umejua tangu lini?"

Nikamwambia mboga inaungua. Hakukuwa na mboga jikoni.

Gidabuday akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Jovita hakucheka, na hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Akaniuliza moja tu, kama sitaki aende.

Nikasema nataka uende, na nataka ubaki. Yote mawili. Tafuta mahali pa kuyapanga kwenye ungo wako.

Halafu akasema, "Hata hayo yapo, bibi. Kuna mawe ukibakiza matabaka mawili, moja vichwa juu, la pili vichwa chini. Ukipima kwa nje unaona kama hakuna sumaku kabisa. Kumbe zimo mbili."

Hapo nilielewa kweli, bila kujifanya.

Jumatatu, 14 Julai 2025

Dawa nimemeza mapema.

Tuko hapa kibarazani kwa Kornelia, mlango kwa mlango na kwangu. Jovita yuko ndani kwangu, simu kaiegemeza kwenye birika. Kiingereza kinakwenda. Nimesikia "Hanang" katikati yake, halafu watu wamecheka, cheko zuri. Ng'ombe wangu wamefika huko na mimi sijafika hata Dar.

Nimevaa kitenge kipya. Bila sababu. Kornelia, futa hiyo "bila sababu".

Kornelia ananiuliza, hao wazungu wakitaka kujua kama nimeelewa nitasemaje. Nikisema nimeelewa, anaondoka. Nikisema sijaelewa, anabaki, na ndiye atakayekuwa kama yule ng'ombe aliyegeuka peke yake —

Jovita ananiita. Anasema wanataka kumwona huyo bibi, wamuulize mwenyewe kama ameelewa, yeye atatafsiri.

Nishike mkono niinuke. Kitenge kimekaa sawa? Kwenye hiyo simu mtu anatazama wapi? Basi acha, nitamuuliza yeye. Naja, Jovita. Naja.