Kwa Nini Hakupiga Kelele

Shoga, nimetoka mahakamani sasa hivi. Nimepayuka mbele ya jaji! Mimi!

Ni ile kesi ya mjukuu wangu kunyimwa viza ya hifadhi ya wakimbizi. Wakili wa serikali kasimama na tai yake ya bluu, akasoma barua ya yule ofisa aliyemnyima: "Mke anayeona mumewe akiuawa kwa nyundo hakosi kupiga kelele. Kwa hiyo anadanganya."

Anadanganya!

Unajua tulikuwa uvunguni mwa kitanda, mimi na mjukuu wangu. Nyundo ilishuka mara nne, damu ikatiririka mpaka kwenye viwiko vyetu. Nani alimziba mdomo?

Basi nikainuka: "Ni mimi niliyemziba! Angepiga kelele tungekufa wote!"

Jaji akasema, "Bibi, keti. Hapa hatupokei ushahidi mpya, tunaangalia kama ofisa alifuata sheria."

Nikaketi, aibu imenijaa. Halafu akamgeukia wakili. "Ofisa alimwuliza kwa nini hakupiga kelele?"

Wakili akapekua karatasi zake.

"Alimwuliza?"

"Hapana, mheshimiwa."

Hapana! Miaka miwili tunaitwa waongo, kumbe hata hakuuliza! Jaji akaufuta uamuzi wote palepale. Ombi linarudi kwa ofisa mwingine, aanze upya, na safari hii aulize.

Kule koridoni mjukuu wangu hakucheka wala hakulia. Alikifungua kiganja changu, akaweka kidole kwenye kovu la meno yake ya siku ile.

"Bibi, na kiganja hiki tutakwenda nacho kwa huyo ofisa mpya."