Walivyokiandika Kifo Chako

Mwadime,

Salamu sikuletei. Siku yangu ikifika nitakuja nazo mwenyewe, na hapo tutasalimiana mpaka tuchoke. Leo nina neno moja tu, na ni baya: watu wa bima wamekataa. Jibu lilikuja kwa gari la moshi la kutoka Mombasa. Daktari akalisoma amesimama mlangoni mwa dispensari, akanipa nami nisome, kisha akaenda zake kunawa mikono ingawa hakuwa amemgusa mgonjwa yeyote. Mkeo Wakesho hatapata kitu. Wanao hawatapata kitu. Nimekaa na habari hii nikaona nisipokwambia wewe nitapasuka, maana hapa Voi kila nikianza kukutaja watu hunionea huruma, halafu wananiuliza unga unauzwaje siku hizi.

Wallahi, Mwadime, sijui nikulaumu au nikulilie. Nafanya yote mawili.

Unakumbuka tulivyoanza. Tajiri wa shamba la katani alikuwa amewakatia watu wake bima: mtu akiumia kazini, Mombasa wanatoa fidia, yeye ale au mjane wake ale. Akiugua homa yake tu, hawatoi. Na kila ugonjwa ukapewa namba yake kwenye ile karatasi, homa na namba yake, jeraha la kazini na namba yake. Mimi karani, wewe dresa wa kusafisha na kufunga vidonda, daktari anatia sahihi. Kazi rahisi, nilidhani. Kumbe karatasi zikawa zinarudi kama zilivyokwenda, na watu wenye mikono iliyosagwa na mashine wanaandikiwa homa.

Na kwa nini? Kwa sababu watu wako wa milimani ukiwauliza mnaumwa nini, hawakwambii mkono. Wanakwambia baba mkubwa. Huyu shangazi yake alimnyima maziwa, sijui yeye ndiye aliyemnyima shangazi, yule mjomba wake hajamsamehe juu ya mbuzi. Damu inachuruzika sakafuni na yeye anasimulia mbuzi. Mimi nilicheka mpaka nikaketi chini. Wewe hukucheka. Ulinifunga bandeji ya kidole nilichokata kwa wembe, ukaniambia taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto njia ya kisimani: "Kwetu ugonjwa hauna mahali. Una mtu."

Ndipo ukanieleza. Mkubwa wako akiwa na hasira nawe moyoni, hata kama hajasema, hata kama mwenyewe hataki, ile hasira inakushukia. Basi anafuatwa, anaombwa, anatia maji kinywani au pombe ya miwa, anayatema nje pamoja na maneno mema, na moyo wake unatulia. Kutasa, ulisema. Nikakuuliza, wewe mtu wa misheni, unayaamini hayo? Ukasema wewe ni dresa, unaamini iodini. Nami mjinga nikaamini.

Tulibishana sisi watatu na daktari pale kwenye benchi la wagonjwa, siku hii na ile, mpaka tukapata namna. Tusiulize tena unaumwa nini. Tuulize: palianza wapi, na mkono wako ulikuwa umeshika nini? Ukilijibu swali hilo, shangazi hana pa kuingia. Na daktari akaongeza sharti lake: maneno ya kwanza ya mgonjwa yaandikwe vivyo hivyo, yasifutwe, kwa kuwa Mombasa wakiona karatasi imekwaruzwa wanasema tumetunga. Tukakubali. Lo, na mambo yakaenda! Yule mkata katani wa Kasigau aliyepoteza vidole alilipwa, akatuletea kuku, nikachinja mimi kwa sababu cha kuchinja wewe singekila, ukaninunia kutwa nzima halafu ukala mapaja yote mawili. Ilikuwa kazi nzuri, bwana. Sijapata kufanya nyingine ya kuifikia.

Halafu kile kidole.

Nilikuwapo. Ulikuwa unapasua jipu la paja la mtu, naye akarusha teke, kisu kikakuingia kidoleni hali kimejaa usaha wake. Ukakifunga kitambaa ukaendelea naye, maana alikuwa analia. Nikakwambia tia dawa. Ukasema baadaye. Mimi asubuhi yake nikapanda gari kwenda Taveta na masanduku ya dawa, na niliporudi nilikukuta mkono umevimba hadi kwapani na daktari ameshakuuliza. Alikuuliza vizuri, Mwadime, kwa swali letu lenyewe. Palianza wapi, na mkono wako ulikuwa umeshika nini? Na wewe, wewe uliyewafundisha Wadawida wenzako wote wa shamba lile namna ya kujibu, ukamjibu: "Ni Mwakio. Moyo wake haujatulia tangu mama."

Daktari akangoja. Akakuuliza mara ya pili. Ukasema lile lile. Akaandika, kwa sharti letu, na chini yake, kwa kuwa hukutaja kazi, namba ya homa.

Nilikukasirikia, nakwambia wazi. Kidole kimeoza mkononi mwako na wewe unamtaja kaka yako! Nilikuja kitandani niliseme hilo, nikakuona ulivyokuwa unatazama mlango. Kila hatua ikisikika nje unageuka. Ulikuwa humjibu daktari wala bima. Ulikuwa unamwita kaka yako aje.

Na alikuja, maskini, ila hakukuwahi. Naijua habari ya mama yenu, ulinihadithia mwenyewe: Mwakio alitaka atibiwe kwao Mwanda, kule mlimani, na jamaa wamzunguke, wewe ukambeba kwa machela ukamleta hapa dispensari, akafia huku tambarare mbali na nyumba yake, akazikwa kwenye mchanga huu mwekundu. Tangu hapo Mwakio hakushuka. Siku ile alishuka mbio, amefika na kibuyu chake cha maji, wewe umeshafunikwa shuka. Akatia maji kinywani, akayatema miguuni pako, akasema maneno ambayo sikuyafahamu. Aliyarudia mpaka maji yakaisha.

Sasa sikiliza lililotumaliza. Daktari hakuiacha karatasi hivyo. Aliandika Mombasa akaeleza kidole, akaeleza jipu, nami nikaweka ushahidi wangu. Wakamtuma mtu wao. Mtu mpole, ana kikohozi, hakutaka hata chai. Akasema jambo ni dogo: huyo kaka aje aseme hapakuwa na ugomvi wowote, basi maneno ya marehemu yatahesabiwa ni ya mtu aliyeweweseka, na sababu itakuwa kidole. Neno moja la Mwakio, na Wakesho anabaki Voi. Alishaona chumba cha kupanga karibu na stesheni, alitaka awe akipika mahamri, watoto wasitoke shule. Alikuwa ameshachagua hata mahali pa kuweka jiko.

Nikapanda Mwanda kwa miguu, mimi mwana wa pwani nisiyejua kupanda kitu. Nikamweleza Mwakio. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema atakuja. Nikashuka nikiimba, Mungu anisamehe.

Alikuja amevaa koti lako. Akasimama mbele ya yule mtu wa bima, akaulizwa, na akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Nilikuwa na hasira naye. Nimeitema, lakini nilichelewa."

Nilimvuta nje. Nilimtukana, Mwadime, kaka yako mkubwa, matusi ambayo mama yangu angenifinya mdomo. Hakukasirika. Akaniambia katika jambo hili mtu hadanganyi, kwamba akiikana hasira aliyokuwa nayo itarudi ndani yake ikae, na safari hii itawatafuta watoto wako. Akasema afadhali walale njaa kuliko awazike na wao. Hebu nipe jibu lake, wewe uliyeamini iodini. Ndani yule mtu wa bima alikuwa anaandika. Nilimsihi aandike yote mawili, kidole na kaka. Akanionyesha karatasi, kwa upole vile vile, kwamba sababu ina nafasi moja tu.

Kwa hiyo imekwisha. Tajiri ameitaka nyumba yake, kuna dresa mpya ataingia, kijana safi, anauliza swali letu bila kujua limetoka wapi. Namchukia bure. Wakesho aliondoka jana kwenda Mwanda, kwenye boma la Mwakio, hana pengine. Mwakio alikuja mwenyewe kubeba mizigo. Alibeba kitanda, alibeba masufuria, na aliponyoosha mikono ampokee mwanao yule wa mwisho, Wakesho akamrudisha mtoto mgongoni akamfunga upya. Njiani Mwakio akampa maji, Wakesho akakataa. Niliwasindikiza mpaka mwanzo wa mlima nikaona yote.

Nikambakisha Wakesho nyuma kidogo, nikamwambia, shemeji, ni kidole kilichomuua mumeo, mimi nilikiona. Usimwogope huyu mtu. Akanitazama kwa utulivu, akaniuliza: "Shemeji, unasema mume wangu alikufa akisema uongo?"

Ningesema ndiyo, ningekutukana kaburini. Ningesema hapana, ningemwacha aende akaishi maisha yake yote na mtu anayemhesabu muuaji. Kabla sijachagua, akageuka akapanda.

Sina tumaini, ndugu yangu, nisikudanganye. Lakini nakuahidi hili. Kila nipatapo ruhusa nitapanda Mwanda, nitaketi uani kwa Mwakio, nitamwomba maji, na nitayanywa kutoka mkononi mwake, Wakesho akiona. Nitafanya hivyo hata akinifukuza. Kama siku moja Wakesho atamwacha mtoto naye anywe, nitakuwa nimekulipia fidia yako. Kama hatamwacha, utanisikia nikirudi kukwambia.

Lala, Mwadime. Mwakio anasema moyo wake umetulia.

Mimi nduguyo,
Salim, karani