Achari ya Kwenda Ulaya

Likoni, Jumatatu

Mwanangu Zuhura anakwenda Ulaya kusomea uuguzi! Mtaa mzima nishauambia, na kesho nitauambia tena.

Ila huko baridi ni miezi, na chakula chao, wasema, hakina ukali hata chembe. Basi pilipili zote za uani nimezichuma, nikazitia chumvi na ndimu, nikajaza chupa mbili na kuzianika juani. Achari yangu hukaa mwaka mzima bila ukungu. Nani Likoni hii asiyejua?

Leo wifi yangu Mwanaisha kaja, akachovya kijiko kinachochuruzika maji. Aonja tu, ati!

"Wifi, maji hayo! Itaoza kabla mtoto hajafika!"

"Kwani anayekwenda Ulaya ni mtoto au chupa?"

Nikacheka, hasira zikaniisha. Kweli, namwogopea mtoto. Hajalala nje ya nyumba hii hata siku moja, na akiugua huko...

Chupa moja haikuguswa. Nimeifunga vizuri, ni ya Zuhura. Ile ya Mwanaisha haitangoja, tutaimaliza sisi kwa pilau ya kumuaga. Waje wote Ijumaa, baada ya swala.