Mpaka Mguu Uguse Chini

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, hata kama hutaki kuiitikia. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepunguza maumivu na cherehani inalia kama kawaida yake. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio una shughuli. Wifi yako anakusalimu, na watoto wanauliza shangazi atanuna mpaka lini. Nimewaambia wamwulize shangazi mwenyewe.

Najua umenikasirikia. Simu zangu hupokei, na siku ile moja uliyopokea uliweka sauti ya nje, nikasikia chama kizima cha mashabiki kinaguna nyuma yako. Yule fundi viatu mwenye tarumbeta akasema waziwazi kwamba huyo ndiye mjomba aliyemfagia mpwa wake mwenyewe. Nikakata. Ndiyo maana nimeamua kuandika, maana barua haina sauti ya nje. Nakuomba uisome peke yako, mlango umefungwa, na usimsomee mtu yeyote, hata mwenyekiti wa chama, ingawa najua mwenyekiti ni wewe.

Kwanza nikueleze kazi yangu. Miaka yote unajua naendesha gari kwenye mbio za baiskeli, lakini hujawahi kuniuliza ndani ya gari lile kukoje. Nyinyi mnaosimama kando ya barabara mnaona vumbi na rangi tu. Wanapita wale vigogo wa mbio, zinapita pikipiki za wapiga picha, kisha magari ya timu yenye baiskeli za akiba juu ya paa, mafundi wametoa nusu ya mwili dirishani na gurudumu mkononi. Anafuata daktari, linafuata gari la wagonjwa. Mimi ndiye mkia. Langu ni lile basi dogo jeupe lenye fagio limefungwa mbele, na kazi yake ni kuwaokota walioshindwa. Nikishapita mimi, polisi wanafungua barabara na watu wanarudi kwenye shughuli zao.

Sasa mtu akisikia hivyo atadhani ni kazi ya kutembea. Thubutu! Dada, hiyo ni jela yenye magurudumu. Siwezi kumpita mwendeshaji wa mwisho. Siwezi kusimama kama yeye hajasimama. Kurudi nyuma ndiyo kabisa, maana nyuma yangu foleni ya magari ya watu imeshaanza kupiga kelele. Akienda mwendo wa kobe, nami ni kobe. Jua likikipiga kioo, linanipiga mimi. Haja ikinibana, itanibana mpaka mwisho wa safari. Pembeni yangu anakaa mwamuzi, mama mmoja mtu mzima asiyejua kucheka, mwenye mkasi mdogo mfukoni wa kukatia namba mgongoni mwa anayejitoa. Sheria yake haina mjadala: honi haipigwi, neno halisemwi, mlango haufunguliwi, mpaka mguu wa mwendeshaji uguse chini. Akiyumba, mwache ayumbe. Akilia, mwache alie. Mguu ukigusa lami, hapo ndipo anakuwa wetu.

Siku ile ya mbio za mlimani, aliyekuwa mbele yangu alikuwa mwanao. Tangu chini ya mlima nilikuwa nautazama mgongo wake, ule ule niliokuwa nikiubeba mabegani akiwa mdogo. Gari la timu yake lilimpa chupa mbili za maji likaondoka kwenda kumhudumia kinara wao. Mkuu wa timu, kama alivyonisimulia mwenyewe baadaye, alimwambia kwenye kijiredio cha sikioni kwamba wanamtegemea afike, kisha kikanyamaza. Tukabaki mimi, yeye na mwamuzi wangu. Nilitamani hata kumwambia pole, lakini pole nayo ni neno.

Katikati ya mlima nikaona ameanza kugeuza kichwa, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta nyumba ambayo alielekezwa vibaya. Nikadhani ni kiu. Watu wakamnyooshea maji, akayakataa. Nikadhani ni goti, lile goti analolitaja kila mbio. Nikadhani mengi. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi nilikuwa nje ya kaburi, nimekalia kiti chenye mto.

Kisha tukafika penye mwinuko mkali, pale mlipojipanga nyinyi. Mungu wangu, watu wale! Mmoja amevaa manyoya ya kuku mwili mzima, mwingine anakimbia na sufuria, watoto wamekaa mabegani mwa baba zao. Barabara ikawa uchochoro. Walipiga boneti langu kwa viganja mpaka kioo kikatetemeka, na chini kwenye lami nikasoma RISASI, herufi kubwa kuliko mlango, rangi uliyoinunua wewe. Jina hilo la utani wewe ndiye uliyempa mwanao, na kijana wa watu amelibeba kila mahali. Kila hatua chache mtu alitoka akamsukuma. Kusukuma kumekatazwa, lakini kwa wa mwisho waamuzi hufumba macho, maana nani atamwonea wivu?

Hapo kwenye kona, dada, nikaona kisigino chake cha kulia kinazunguka kwa nje. Viatu vyao vinanasa kwenye pedali, na kisigino kikizunguka hivyo kiatu kinaachia. Nimeshawafuata wengi, najua kisigino hicho kinasema nini. Nikapunguza mwendo. Mwamuzi akaingiza mkono mfukoni. Mguu ukatoka, ukaning'inia, kati yake na lami hapakuzidi hata shubiri moja.

Ndipo ukatoka wewe. Umejifunga bendera kiunoni, umepiga kelele mpaka mishipa ya shingo imesimama, ukamwekea mikono miwili mgongoni ukaanza kukimbia naye. Na mgongo wako huo unaouma! Sijakuona ukikimbia hivyo tangu tulipokuwa watoto. Mguu ukarudi kwenye pedali. Chama chako kikafuata nyuma yako na tarumbeta, umati ukajifunga mbele ya gari langu, nami nikabaki pale sina mbele wala nyuma, naona vichwa vya watu tu na mikono inayopunga. Niliupiga usukani ngumi. Mwamuzi alinitazama, akautoa mkono mfukoni bila mkasi.

Ulirudi nyumbani ukiimba kwamba umemfikisha kileleni kwa mikono yako. Ni kweli, umemfikisha, wala sikupingi. Halafu jioni ukasikia kwamba Risasi amejitoa, ukatafuta wa kulaumu, ukanipata mimi. Ukasema nilimbana kwa nyuma, nikampigia honi, nikamvunja moyo, kwamba mimi ni kikulacho kilicho nguoni mwenu. Ukasema hata ningekuwa mchawi nisingefanya vile. Maneno hayo niliyameza, lakini hayajashuka mpaka leo.

Ukweli ni huu. Ng'ambo ya kilele, mteremko unapoanzia, hapasimami mtazamaji hata mmoja, kwa sababu upepo ni mkali na waendeshaji hupita hapo kwa kasi usiyoweza hata kuona uso. Nilipofanikiwa kupenya kwenye umati wenu na kufika huko, nilimkuta ameshashuka zamani. Miguu yote miwili chini, baiskeli imelala kwenye nyasi, yeye ameukalia ukingo wa barabara na kofia mkononi. Hakuna aliyemfagia. Mwamuzi alimkata namba, naye akamshukuru kwa heshima uliyomfundisha. Kisha akapanda, akakaa nyuma yangu.

Tukaanza kuteremka. Kwenye kila kona nilihisi kiti changu kinavutwa. Nilipotazama kwenye kioo niliona amekishika kwa mikono miwili, macho ameyafumba, na gari linakwenda taratibu kama la maharusi. Nikamuuliza kulikoni. Mwamuzi alikuwa amesinzia, ama alijifanya amesinzia, Mungu ambariki kwa lolote kati ya hayo mawili. Mpwa wangu akalia, dada. Akalia kama mtoto, kwa kwikwi, na mimi natazama barabara maana sikuwa na ruhusa ya kusimama.

Aliniambia goti halijawahi kumuuma. Tangu ile ajali ya mteremkoni mwaka jana, ulipolala naye hospitali ukiwa umekaa kwenye kiti, mifupa ilipona lakini yeye hakupona. Barabara ikianza kushuka tu, vidole vinakufa ganzi, hahisi breki, anauona ule ukingo wa chuma aliougonga unamjia. Kupanda hakumsumbui, anapanda vizuri kuliko wengi. Anachokiogopa ni kilele. Ndiyo sababu kila mbio anakuwa wa mwisho: anachovuna kwenye kupanda anakimwaga chote kwenye kushuka, amebana breki mpaka zinanuka. Timu ameidanganya ni goti, na wewe amekudanganya ni goti.

Siku ile alikuwa ameshaamua toka chini kwamba atajitoa kabla ya kilele. Akawa anatafuta mahali pasipo na watu ashushe mguu. Hakupata. Akaniambia, mjomba, kila penye nafasi palikuwa na mtu anayenipenda. Pale kwenye kona akasema liwalo na liwe, akatoa mguu. Akahisi mikono. Akasema aliijua ni mikono ya nani kabla hajageuka, kwa vile ilivyomshika, kiganja kimoja kati ya mabega na kingine kiunoni, vile vile ulivyomshika ulipokuwa unamfundisha ile baiskeli yake ya kwanza pale uani. Na akiwa mikononi mwako, mguu ukamshinda kuushusha.

Kwa hiyo, dada yangu, nalisema bila kuzungusha: yule uliyemsukuma alikuwa anataka kushuka kwenye baiskeli, na ulikomsukumia ndiko anakoogopa kuliko kifo. Hukujua. Nami nisingejua. Ningekuwa kando ya barabara siku ile ningesukuma nawe, tena kwa nguvu zaidi.

Haya yote aliniapisha nisikuambie. Nikaapa. Leo nimevunja kiapo, na akijua atanichukia, pengine kwa muda mrefu. Wacha anichukie akiwa hai. Juzi alinipigia simu kwa kunong'ona, akasema yuko bafuni amefungulia maji ili usisikie. Akaniambia timu imempanga kwenye mbio za mwezi ujao, wewe umeshakodi basi na umeshona bendera mpya kubwa kuliko ile. Mlima wa safari hii naujua. Kuteremka kwake ni kona juu ya kona na kando ni bonde. Nikamwambia asiende. Akasema atakataaje na mama ameshawatangazia watu. Halafu akauliza kama gari langu litakuwepo. Nikasema litakuwepo. Akaniomba, kama inawezekana, siku hiyo nimfuate kwa karibu sana. Dada, katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kumsikia mwendeshaji anayeomba gari la fagio limsogelee. Usiku ule sikulala.

Mficha uchi hazai, na mtoto huyu ameficha mpaka amefika pabaya. Unaposoma hapa nadhani yuko chumba cha pili, anasugua mnyororo au anajifanya amelala. Usiite chama. Usimlilie, na tafadhali usimwambie kwamba hakuna neno, mwanaume hukaza roho; hilo ameshaambiwa na kila mtu. Ingia, kaa mbele yake akuone uso, umwambie kwamba akiiacha baiskeli leo bado ni mwanao, na kwamba watu wa basi utaongea nao wewe. Mimi nimeshamwambia maneno hayo hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: na mama je?

Jibu la hilo unalo wewe, ndiyo maana nimekuandikia.

Barua hii nimempa dereva mwenzangu anayepita huko, na nimemsisitiza asimkabidhi mtu mwingine. Wifi yako anasema uuangalie mgongo, usibebe marobota ya vitambaa peke yako. Wasalimie majirani, na fundi viatu pia, sina kinyongo naye. Kama bado una hasira nami, endelea nayo, nitaivumilia; ila nenda kwanza chumba cha pili.

Ni mimi mdogo wako,
dereva.