Nguo Nilizozigawa

Mwanangu amefariki, mdogo wangu. Sikujua nianzie wapi, nimeanzia hapo. Habari za huko, na wanao hawajambo? Mimi mwili mzima, moyo sijui.

Unamjua binti yangu, hana mfano. Alikuwa akifua mashuka ya hospitali ughaibuni, na bado kila mwaka alikusanya nguo za wenzake akatutumia tuwape wasio nacho. Nani mwingine amezaa mtoto wa hivyo?

Bunda la juzi lilipofika nikajua ni zilezile. Ulikuwa umekuja kututembelea, ukanisikia nilivyojigamba uani: “Chukueni, mwanangu hana choyo!” Zikaisha zote. Jana aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja akapiga simu: “Mama, nguo zake mlizipata?” Alidhani mwajiri ameshatuambia. Kumbe zilikuwa za binti yangu mwenyewe. Homa ilimchukua ghafla, na wamemzika hukohuko.

Sina hata kitambaa chake. Nilichotoa nimetoa, siwezi kuwadai majirani. Lakini lile sweta la kijani ulilochukua, nakuomba usilifue. Njoo nalo hivyohivyo, tumlilie pamoja.

Ni mimi dada yako, ninayewangojea nyote Jumamosi.