Mteja wa Kanada Ni Mimi

Bi Khamisa, salamu nyingi,

Nakuandikia kwenye ukurasa wako wa ushauri gazetini nikiwa na aibu ya mtu mzima, lakini kwanza niruhusu nijisifu kidogo maana bila hiyo sifa hutaelewa nilifikaje hapa. Mimi ni karani mstaafu wa reli, kwetu ni Siaya lakini hapa Voi nina miaka ishirini na miwili, na binti yangu kitinda mimba, Philister, mwaka huu wa tisini na tisa ana duka lisilo na mlango wala kaunta wala kufuli, duka liko ndani ya kompyuta, yaani mtu akiwa Ulaya anafungua mashine yake anaona picha za vikapu vya mkonge vilivyosukwa na akina mama wa kijiji cha Rukanga, anachagua, anaandika barua kwa hiyo hiyo kompyuta, na Philister anafunga mzigo anaupeleka posta. Niambie Bi Khamisa, ni nani mwingine Taita Taveta nzima ana duka kama hilo? Mimi sijamsikia.

Duka alitengenezewa bure na mwalimu wa kujitolea aliyekuwa akifundisha Rukanga kabla ya kurudi kwao, na ndani yake kuna mahali panaitwa kitabu cha wageni, ambapo aliyenunua anaandika maoni yake na dunia nzima inasoma. Sasa miezi mitatu ya kwanza walinunua watu watatu tu, na aliyeandika maoni alikuwa mmoja, mama wa Uskoti, akasema kikapu ni kizuri lakini mkono wake wa kushikia umelegea baada ya wiki mbili. Philister alimtumia kikapu kingine, na Wakesho, mkubwa wa wasusi, akabadilisha namna ya kufunga mkono, na yule mama akaandika kushukuru sana, lakini hiyo shukrani ilikuja kwa Philister peke yake, kitabuni yakabaki malalamiko. Nilimwona mtoto wangu ameyashika kwenye karatasi, chai imepoa mbele yake, akaniambia, "Baba, labda ulisema kweli. Wacha nirudi nikaombe kazi yangu." Maana lazima nikiri, alipoacha ukarani katika ofisi ya shamba la mkonge nilimwambia mbele ya wageni kwamba sikuuza ng'ombe wangu asome ili aje auze vikapu.

Pesa ya kutangaza biashara hatuna, na mimi kusema nilikosea sijazoea, kwa hivyo nilienda kwa Zubair, kijana mwenye ofisi ya kupiga chapa hapa mjini, ambaye kompyuta yake ndiyo Philister anatumia, na kwa kuwa huwa namsaidia kupiga chapa barua za watu yeye huniacha nikae kwenye mashine bila kulipa, basi Jumanne na Ijumaa Philister akienda Rukanga kuchukua vikapu mimi naingia. Siku ya kwanza niliandika: "Nimepokea vikapu kumi na viwili, vyote katika hali njema, bila hitilafu. Huyu Philister ni mwanamke wa kazi na wazazi wake wana bahati." Nikatia jina Munyao, Toronto, Kanada. Munyao alikuwa mwenzangu stesheni ya Makindu kabla Philister hajazaliwa, alishafariki, nikajiambia yeye hatalalamika. Utamu ukanikolea, nikamwandika Mutiso wa London, nikamwandika Reuben wa Ujerumani, hadi wakafika saba, na yule mama wa Uskoti akazama huko chini hakuna anayemwona. Philister hakushuku kwamba hakuwafungia mzigo hata mmoja, maana yule mwalimu aliondoka na magunia ya vikapu vya kuwauzia watu huko nje. Tena kuna namba inayohesabu waliofungua duka, nami nilikuwa nafungua na kufunga hata mara thelathini ili ipande. Na sikatai, mwezi huo vikapu vitano vilitoka, nikatembea Voi kifua mbele.

Sasa mama mmoja wa Denmark mwenye duka kubwa ameandika anataka vikapu mia mbili. Mia mbili, Bi Khamisa! Lakini kabla ya kuagiza anataka kuzungumza na Bwana Munyao aliyenunua kumi na viwili. Philister alirudi nyumbani akiimba. Ijumaa nikafungua sanduku la barua nililomwekea Munyao kwenye kompyuta, ambalo anwani yake niliiacha kitabuni, nikakuta humo barua ya mtoto wangu. Ameandika kwa Kizungu lakini nakupa kwa Kiswahili: "Mzee Munyao, hatujuani, lakini wewe ndiye mtu wa kwanza kunisifu kwa kazi hii. Siku niliyotaka kuacha nilisoma maneno yako, na sasa nimeyabandika ukutani juu ya kitanda changu. Baba yangu ni mtu mwema lakini hajawahi kuniambia neno kama hilo. Tafadhali nisemee kwa huyu mama." Nilikaa pale hadi Zubair akaniuliza kama ni presha.

Nifanye nini? Nimjibu mama wa Denmark kama Munyao, oda iende, na wale wamama wa Rukanga walipe karo ya watoto, maana Wakesho ameshaanza kutia mkonge rangi? Au niseme ukweli, oda ipotee, na binti yangu aniite mwongo mpaka nife? Na kama kuna njia nyingine ya kuongeza mauzo bila kutoa senti, nifundishe, maana marafiki waliokufa wananiishia.

Ni mimi, Baba Philister, Voi.

---

Baba Philister,

Nimekucheka, tena nimekucheka sana, mpaka nilipofika kwenye barua ya mtoto. Hapo nilivua miwani nikaifuta.

Acha kwanza nikugombeze, kwa kuwa umeyataka mwenyewe. Mzee mzima unamfufua marehemu, unambebesha vikapu kumi na viwili, unampeleka Kanada kwenye baridi yote ile! Ati hatalalamika. Marehemu ana watu wake, baba, ana watoto wanaolitunza jina lake. Na hao wateja wako saba, wote wamepokea mzigo "katika hali njema, bila hitilafu"? Ulaya nzima imekuwa makarani wa reli? Huyo mama wa Denmark unadhani kwa nini anamtaka Munyao? Ameshanusa. Sisi watu wa biashara tunanusa. Mimi niliuza mabuibui Mombasa miaka kumi na minane, na mteja wa kuniambia "zuri, zuri" kila siku sikumtia maanani. Aliyeniambia mshono wa bega unafumuka, huyo nilimvutia kiti.

Kwa hivyo usimjibu kama Munyao. Hata mstari mmoja. Ukijibu leo, kesho ataulizwa tena, na wewe utabaki kuwa Munyao mpaka siku yako ya mwisho, mtoto anamshukuru maiti na wewe umekaa naye meza moja.

Duka ni la Philister, basi yeye ndiye wa kwanza kuambiwa. Akishajua, amwombe yule mwalimu aliyelitengeneza awafute hao saba wote. Kisha amwandikie mama wa Denmark, kwa lugha nyepesi, kwamba Munyao ni babake aliyefanya ujinga bila yeye kujua, na kwamba mteja wa kweli yupo Uskoti na anaweza kuulizwa. Shahidi mlikuwa naye tangu mwanzo, mkamfunika! Mtu aliyelalamika, akatumiwa kikapu kingine, akashukuru, huyo anauza kuliko Munyao na London yake. Mwombeni ruhusa, hayo malalamiko yake yawekwe juu kabisa, chini yake shukrani zake, chini yake maelezo ya jinsi Wakesho anavyofunga mkono wa kikapu sasa. Haitawagharimu kitu.

Na kila kikapu kiandikwe jina la aliyekisuka. Wasusi wa Rukanga wana majina mazuri, kwani wamekosa nini mpaka sifa wapewe watu hewa? Kila anayenunua aombwe aandike mistari miwili, ya kusifu au ya kulaumu. Barua ijibiwe siku ile ile inaposomwa. Wewe una vidole vya kupiga chapa na siku nzima ya mstaafu, basi mwombe binti yako kazi hiyo, na uifanye kwa jina lako. Ile namba ya wageni iache ipande yenyewe.

Oda inaweza kupotea, sikufichi. Ikipotea itauma, na wamama wa Rukanga watakuwa na haki ya kukununia. Lakini vikapu vyao ni vizuri kweli, vitanunuliwa na mwingine, na huyo hamtakuwa na la kumficha.

Majina yenu nimeyabadilisha, ila Voi si mji wa kuficha jambo, na huyo kijana wa kompyuta ana mdomo kama watu wote. Jibu hili nimekutumia kwa posta kwanza, gazetini litatoka wiki mbili baadaye. Hizo ndizo siku ulizo nazo, na mimi ningekuwa wewe nisingelala nazo hata moja.

Sasa lililonivua miwani. Baba, fahari unayo. Imekujaa mpaka unaimwaga Kanada na Ujerumani, nyumbani kwako peke yake ndiko haijafika tone. Binti amelala chini ya maneno yako siku zote hizi akidhani babake hana la kumwambia. Mwite leo. Mwambie ni wewe uliyeandika. Atakasirika, mwache akasirike, usijitetee wala usianze hadithi ya ng'ombe. Akimaliza, mwambie unajivunia yeye, kwa Kijaluo, lugha uliyomlea nayo. Na tafadhali sana usimwandikie. Hilo utalisema kwa mdomo wako.