Taa ya Matanga ya Papa

Komini ya Tshopo, Kisangani
Tarehe 9 Mei 2001

Mpendwa dada yangu Virginie,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji na watoto huko Kinshasa. Hamjambo? Kikohozi cha yule mdogo kimekwisha? Miezi minane hatujapata hata mstari mmoja kutoka kwako, wala sikulaumu, maana vita vimefunga mto. Barua hii inabebwa na mtawa, Sœur Pélagie, aliyepata nafasi kwenye ndege ya msaada. Atarudi baada ya wiki mbili. Tafadhali, asirudi mikono mitupu.

Sisi tu wazima, kwa kiasi chake. Mke wangu Emilie amepona malaria, ingawa bado anatembea akishika ukuta. Mama macho yanazidi kumsumbua. Hata mchana anatambua watu kwa sauti. Jacques, kitinda mimba wetu, ni yuleyule, maneno mengi kazi kidogo.

Dada, sitazunguka. Nakuomba umwandikie Mama kwa mkono wako, umwambie aanue matanga ya Papa bila kukungoja. Soma mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia.

Unajua Papa aliuawa na kombora mwezi wa sita mwaka jana, siku zile sita majeshi ya wageni yalipopigania mji wetu. Hukuweza kuja. Mama akasema matanga hayataanuliwa mpaka wewe, mtoto wake wa kwanza, uketi kwenye mkeka na kulia. Tulikubali sote, tukidhani ni suala la mwezi mmoja au miwili. Sasa ni mwezi wa kumi na moja tangu afe, na matawi ya mchikichi bado yamesimama mbele ya uwanja, ili kila apitaye ajue hapa kuna msiba. Yakikauka, Mama anamtuma Jacques akakate mengine.

Jioni ile ya kwanza nilipanda nguzo mwenyewe, nikavuta waya mpaka uwanjani bila kuupitisha kwenye mita, waombolezaji wasikae gizani. Ndivyo tunavyofanya sisi mafundi wa umeme hapa: taa ya matanga haipimwi wala haikatwi mpaka matawi yaondolewe. Hata mkubwa wetu wa kazi, mtu aliyemkatia umeme mkwe wake bila kupepesa jicho, akiona matawi anapita zake.

Mwezi wa pili mwaka huu transfoma ya mtaa ilianza kunguruma na kuchemka. Ndiyo hiyohiyo moja inayolisha maternité, ambako wanawake wa mtaa mzima huzalia, na ikiungua hakuna nyingine mpaka mto ufunguliwe. Mkubwa akafunga mita moja kwenye transfoma, akajumlisha mita zote za nyumba, akaona karibu nusu ya umeme unapotelea njiani. Akanipa kazi ya kuutafuta. Mimi!

Na nilitafuta kwelikweli. Nilipita nyumba kwa nyumba na ile koleo ya kupimia, ambayo unabana nayo waya na inakuonyesha umeme unaopita bila kukata kitu. Nilikuta mita iliyogeuzwa kichwa chini ihesabu kurudi nyuma, na nyingine gurudumu lake limezuiwa na kipande cha filamu ya picha. Nilikata waya, nikagombeza watu, nikatukanwa. Nyumba za wanajeshi sikuzigusa, nina mke. Nilimshauri mkubwa tuhamishie mita zote juu ya nguzo, mkono wa mwenye nyumba usifike, akanisifu. Lakini transfoma iliendelea kuchemka, kwa sababu kulikuwa na waya mmoja ambao sikuubana. Mtaani wote walijua siri yake, isipokuwa mimi na Mama.

Alhamisi iliyopita mkubwa alichukua koleo akaja mwenyewe. Alivua kofia mbele ya matawi, akamsalimu Mama kwa heshima, akabana waya wa taa. Kisha akanivuta kando: « Bavon, matanga ya papa yako iko inakula courant kupita maternité nzima. »

Taa moja, Virginie! Nyuma ya jiko tulikuta waya mwingine uliounganishwa na ule wa taa na kufukiwa ardhini. Jacques ndiye aliyeuvuta kwenda kwa Mama Kaswera, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye friza tatu za samaki, na kutoka kwake ukaenda kwenye mashine ya kusaga mihogo, kisha kwa mchomelea vyuma. Nilimkamata shati. Hakuona hata aibu mbele yangu mimi kaka yake: « Yaya, nani atakata matanga? Na Mama iko anakula, non? »

Ni kweli, alikuwa anakula. Kila Jumatatu ilikuja sinia ya unga na samaki, malipo ya umeme ule. Mama aliipokea kama rambirambi, akiwaombea baraka watu wanaomkumbuka mumewe namna hii.

Mkubwa hakunifukuza, ila alitaka waya wote wa matanga uondoke, maana tukikata ule wa ardhini tu, Jacques atavuta mwingine usiku. Alinipa mpaka Jumapili nimalize mambo ya nyumbani kwetu, la sivyo atawatuma wengine. Nilikaa na Mama kwenye mkeka, nikamwomba tuanue matanga. Habari ya Jacques sikuitaja. Mama akaniuliza: « Tukimaliza matanga, Virginie atakuya kulilia wapi? »

Jumapili, saa ya misa, transfoma ilianza kutoa moshi. Watu walikuja mbio kuniita. Maternité kulikuwa na mwanamke juu ya meza anapasuliwa, na taa zinafifia. Mama alikuwa kanisani. Nilipanda nguzo ileile, nikakata waya wa Papa. Nilishuka nikilia mbele za watu, mimi mzee wa miaka thelathini na minane. Mwanamke yule alijifungua salama, na transfoma imetulia.

Lakini Mama sikumwambia. Nilimwambia umeme umekosekana upande wetu, kama siku zote za vita hivi. Ananiamini, mimi si ndiye mtu wa umeme? Jacques anaogopa, na Mama Kaswera na wenzake wamefunga midomo, maana watamshtaki nani? Juzi Jumatatu sinia haikuja. Leo asubuhi Mama ameniuliza: « Batu bamesahau papa yenu mbio hivi? » Dada, nilitoka nje.

Nimeshindwa. Kumwambia siwezi, na kuendelea kumdanganya siwezi. Mwandikie kwamba utamlilia Papa huko uliko, kwamba wewe mwenyewe unataka matawi yaondolewe. Aanue matanga kwa neno lako, asije akasikia kwa majirani kwamba mwanawe ndiye aliyezima taa ya baba yake.

Nisalimie shemeji, mjomba Nicolas, na watoto mmoja mmoja kwa jina. Emilie anakusalimu. Jacques naye, ingawa hastahili. Mungu awafunike huko mliko, na aufungue mto huu tuonane tukiwa hai.

Mama amekaa hapa kando yangu, anadhani nakuandikia habari za malaria ya Emilie. Ameomba niongeze neno lake, nami naliandika kama alivyolisema: « Kuya mbio, mwanangu. Courant ikirudia, tutakuwashia taa. »

Ndugu yako, akupendaye na anayekuhitaji,

Bavon